Kuzamia Palau: Mwongozo Kamili wa Kupanga Safari kwa Mwezi na Maji

Palau, ambayo wenyewe huiita Belau, ni jamhuri ya visiwa zaidi ya 300 iliyoko magharibi mwa Bahari ya Pasifiki, mashariki mwa Ufilipino, nyuzi 7 hivi kaskazini mwa ikweta. Wakazi wake ni watu wapatao 18,000 tu, na wengi wao huishi Koror, mji ambako karibu mashua zote za wazamiaji huanzia safari. Upande wa magharibi na kusini visiwa hivi vimezingirwa na mwamba mrefu wa matumbawe, na nyuma ya mwamba huo kuna bahari ya ndani iliyotulia, yenye vile visiwa vya mawe ya chokaa vilivyofunikwa na msitu ambavyo UNESCO iliviingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2012.

Umaarufu wa Palau chini ya maji unatokana na jambo moja, nalo ni kwamba kila maji yanapojaa na kupwa, maji mengi mno hulazimika kupita katika milango michache ya mwamba na kuzunguka pembe zake chache. Panapobana pana mkondo, penye mkondo pana dagaa na viumbe vidogo vinavyoelea, na penye chakula hicho hukusanyika kolekole, mizia, taa na papa. Wageni wengi hufika wakiwa na orodha ya majina ya maeneo na kutaka yote yatimizwe kwa mpangilio wa umaarufu. Ushauri wangu katika mwongozo huu ni mwingine: panga safari yako kwa mwezi na maji kwanza, kisha kwa uwezo wako, na majina ya maeneo yaje baada ya hayo mawili. Eneo lile lile ambalo saa nne asubuhi limejaa papa linaweza kuwa tupu saa nane mchana, na linaweza kuwa la hatari saa kumi.

Hatua ya kwanza: kuchagua msimu na tarehe

Palau huzamiwa mwaka mzima, kwa kuwa maji yake hubaki kati ya nyuzi 27 na 30 za Selsiasi. Hata hivyo miezi haifanani. Kuanzia Desemba hadi Aprili upepo hutoka kaskazini mashariki na mvua hupungua, na kwa sababu maeneo makuu ya kuzamia yako magharibi na kusini magharibi mwa visiwa, ardhi yenyewe huyakinga na mawimbi. Msomaji aliyezoea kaskazi ya pwani yetu ataielewa hali hii upesi. Kuanzia Julai hadi Oktoba upepo unaweza kugeuka ukavuma kutoka kusini magharibi, mvua ikaongezeka, na ule mwamba wa nje ukapigwa na mawimbi makubwa kiasi kwamba manahodha hubadilisha mipango ya siku. Palau iko kusini mwa njia kuu ya tufani za Pasifiki, lakini haiko salama kabisa: Bopha mwaka 2012 na Haiyan mwaka 2013 zote ziliiumiza. Bima ya safari inayofidia kuahirishwa kwa ndege ni ya lazima, hasa katika nusu ya pili ya mwaka.

Baada ya msimu, angalia mwezi. Palau ina kujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kama ilivyo Mombasa au Tanga, ila tofauti ya kina ni ndogo zaidi, takriban mita 2 wakati wa bamvua, ilhali kwetu inaweza kukaribia mita 4. Mtu asidanganywe na udogo wa tofauti hiyo, kwa sababu milango ya kupitishia maji ni michache, na mkondo wa bamvua kwenye pembe za mwamba una nguvu za kumng'oa mzamiaji mahali alipo. Kwa hiyo mzamiaji mwenye uzoefu wa mikondo anayetaka kuona papa wengi na achague wiki inayozunguka mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Anayeanza kuzoea mikondo na achague wiki ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Atawaona samaki wachache kidogo, lakini atawaona akiwa ametulia.

Kuna sababu nyingine ya kutazama mwezi. Siku zinazokaribia mwezi mpevu, aina ya changu wekundu hukusanyika kwa maelfu karibu na Peleliu, kisiwa cha kusini, kutaga mayai, na siku za mwezi mwandamo pono wakubwa wenye nundu kichwani hufanya vivyo hivyo alfajiri. Makampuni machache hupanga safari maalumu za kushuhudia mikusanyiko hiyo, zinazoanza kabla ya jua kuchomoza, na nafasi zake hujaa mapema. Ukiwa na shauku nazo, weka tarehe zako kwa kalenda ya mwezi kabla ya kununua tiketi ya ndege.

Hatua ya pili: kupima uwezo wako kabla ya kuondoka nyumbani

Cheti cha awali cha uzamiaji humruhusu mtu kushuka mita 18, na kwa cheti hicho peke yake bado unaweza kufurahia sehemu nzuri ya Palau. Lakini maeneo mashuhuri ya mkondo, na meli zilizozama, yanadai cheti cha ngazi ya pili, kinachoruhusu mita 30, na yanadai pia stadi ambazo cheti hakizithibitishi: kushuka mara moja bila kuelea juu ya maji, kutulia kwenye kina kimoja bila kushika kitu, na kuutazama mtungi wako wa hewa bila kukumbushwa.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, shule nzuri ya stadi hizo iko karibu. Mlango wa Kinasi katika Ghuba ya Chole, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, ni mlango wa mwamba ambamo bahari huingia na kutoka kwa nguvu, na kanuni zake ni zile zile za milango ya Palau. Kuta za Pemba nazo zinafundisha jambo ambalo sakafu ya mchanga haiwezi kulifundisha, yaani kuelea kando ya ukuta ambao chini yake huoni kitu, huku kina chako kikilindwa na pumzi tu na kompyuta yako ya kuzamia, ile inayoonyesha kina na muda. Ningemshauri mtu afanye mizamo kadhaa ya kusukumwa na mkondo katika maeneo haya kabla ya kutumia fedha za kwenda Pasifiki. Umbali wa safari ni mkubwa mno kwa mtu kwenda kujifunza huko mambo ya msingi.

Jipime pia kwa unyofu katika matumizi ya hewa. Mtu anayemaliza mtungi kwa dakika 30 kwenye mita 18 atakuwa wa kwanza kupanda katika kila mzamo, na katika mkondo kupanda peke yako si jambo jema.

Hatua ya tatu: njia, ruhusa na fedha

Milango ya kawaida ya kuingilia Palau ni Manila, Taipei na Guam, na uwanja wa ndege uko Airai, katika kisiwa kikubwa cha Babeldaob, mwendo mfupi wa gari kutoka Koror. Guam ni ardhi ya Marekani, na mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda hawezi hata kubadilisha ndege pale bila viza ya Marekani. Kwa wengi wetu njia ya Manila au Taipei ndiyo nyepesi zaidi, mradi uthibitishe kwanza masharti ya nchi hizo kwa pasipoti yako. Palau yenyewe huwapa wageni wa mataifa mengi ruhusa ya siku 30 wanapofika, wakiwa na tiketi ya kurudi. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu nchi unazopitia zinaweza kukidai kwa anayetoka upande wetu. Saa za Palau ziko mbele ya zetu kwa saa 6, na mwili uliosafiri umbali huo haufai kuzamishwa siku ile ile ya kuwasili. Lala, kunywa maji ya kutosha, uanze kesho yake.

Fedha ni dola ya Marekani. Siku moja ya mizamo miwili, pamoja na mashua na kiongozi, kwa kawaida hupita dola 150, na juu yake kuna ada za serikali. Ada ya mazingira ya dola 100 hujumlishwa ndani ya nauli ya ndege ya kimataifa. Jimbo la Koror hutoza kibali cha Rock Islands, yaani vile visiwa vya mawe ya chokaa, ambacho kimekuwa dola 50 kwa siku 10, au dola 100 kikijumuisha ziwa la konyeza nitakalolieleza hapa chini. Peleliu ni jimbo jingine, lenye kibali chake. Uliza kampuni yako viwango vya sasa, na uulize kwa maandishi kama vimo ndani ya bei uliyotajiwa.

Uwanjani, pasipoti yako itapigwa muhuri wenye kiapo. Tangu Desemba 2017 kila mgeni hutia saini ahadi iliyoelekezwa kwa watoto wa Palau, kwamba atakanyaga kwa upole na kuvilinda visiwa vyao. Isome kabla ya kutia saini. Nyuma ya maneno hayo kuna sheria: Palau ilitangaza maji yake kuwa hifadhi ya papa mwaka 2009, ikiwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo, na tangu Januari 2020 asilimia 80 ya ukanda wake wa bahari wa kiuchumi imefungwa kwa uvuvi wa kibiashara. Tarehe hiyo hiyo ilianza kutumika sheria ya kupiga marufuku mafuta ya kujikinga na jua yenye kemikali zinazodhuru matumbawe, zikiwemo oksibenzoni na oktinoksati. Chupa iliyokatazwa hunyang'anywa mpakani, basi vaa fulana ya mikono mirefu na kofia, uache mafuta hayo nyumbani.

Hatua ya nne: vifaa

Wetisuti, yaani vazi la mpira la kuzamia, ya milimita 3 inatosha kwa watu wengi. Beba barakoa na kompyuta yako mwenyewe. Mapezi, regulata (kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi) na jaketi la kuelea vinaweza kukodishwa Koror, ingawa mimi ningependelea jaketi nililolizoea, kwa sababu kwenye mkondo mkono lazima uijue vali ya kutoa hewa bila kuitafuta. Vitu vitatu visikosekane mwilini mwako katika kila mzamo wa mwamba wa nje: boya refu la kuashiria lenye kamba yake, filimbi, na ndoano ya kujifungia kwenye mwamba, nitakayoieleza hapa chini.

Kama una cheti cha nitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, itumie. Mchanganyiko wa asilimia 32 una kikomo cha mita 34 hivi, nao unakubaliana vizuri na mizamo ya Palau, ambayo mingi huwa kati ya mita 12 na 25 na hurudiwa mara tatu kwa siku.

Hatua ya tano: mfuatano wa mizamo

Anza na ukuta wa Ngemelis, unaojulikana kwa wazamiaji kama Big Drop-off. Hapa kilele cha mwamba kiko karibu na uso wa bahari, kwenye maji ya kimo cha mtu kusimama, kisha ukuta unashuka wima hadi zaidi ya mita 200. Kwa kawaida mkondo wake ni wa wastani, na ukuta umejaa matumbawe laini na samaki vipepeo wa mwamba. Mwombe kiongozi muanzie mita 18, mpande polepole kadiri mnavyosukumwa, na mmalizie dakika za mwisho kwenye mita 5 juu ya bustani ya matumbawe, ambapo ile kukaa dakika 3 kwa usalama kabla ya kuibuka haichoshi kabisa. Mzamo huu utakuonyesha kama uzito wako kiunoni ni sahihi, na utamwonyesha kiongozi wewe ni mzamiaji wa namna gani. Atakachokiona ndicho kitakachoamua anakupeleka wapi kesho.

Baada ya hapo nenda German Channel. Mlango huu ulilipuliwa na Wajerumani, waliotawala Palau kuanzia 1899 hadi 1914, ili mashua zilizobeba fosfeti kutoka kisiwa cha Angaur zipate njia ya kupita mwamba. Leo ni mahali pa taa wakubwa wa manta. Kwenye mchanga karibu na mdomo wa mlango kuna vichwa vya matumbawe ambapo samaki wadogo huwasafisha taa hao ngozi na matamvua. Maji yanapojaa huwa meupe na ndiyo saa nzuri ya kuwangojea wakisafishwa. Maji yanapopwa hutoka na chakula kingi kutoka bahari ya ndani, maji huwa na ukungu, lakini taa huja kula wakiwa wamefungua vinywa na kupinduka. Miezi ya Desemba hadi Aprili ndiyo yenye matumaini zaidi. Sheria ya mahali hapa ni kutulia: piga magoti kwenye mchanga mtupu pale kiongozi anapokuonyesha, usimfuate taa, wala usitoe mapovu chini ya tumbo lake. Anayekimbizwa haondoki peke yake, na wote waliokuja kumtazama hubaki wakitazama mchanga.

Ulong Channel, ambao Wapalau huuita Ngerumekaol, uzamie maji yanapojaa na si vinginevyo. Mashua hukushusha kwenye ukuta wa nje, mnatulia kwenye mdomo wa mlango kutazama papa wa kijivu wanaopita, kisha mnajiachia ndani ya mlango na mkondo unawapitisha juu ya sakafu ya mchanga na matumbawe. Katikati ya njia kuna shamba kubwa la matumbawe yenye umbo la majani ya saladi, na ndani yake samaki wekundu wenye macho makubwa wamejificha kwa mamia. Hapa watu hufanya kosa la kupiga mapezi. Hakuna haja: lala mlalo, kaa mita moja au mbili juu ya sakafu, na uelekeze mwili kwa pumzi. Kati ya Aprili na Julai chewa hukusanyika mlangoni humu kutaga, na mahali hapa palilindwa kisheria tangu miaka ya 1970 kwa sababu hiyo. Nyuma ya sheria kuna desturi ya kale iitwayo bul, ambayo kwayo wazee hufunga eneo la bahari lisivuliwe mpaka samaki wazaane. Msomaji anayezijua tengefu za pwani ya Kenya, au kufungwa kwa miamba ya pweza Unguja, atatambua mara moja fikra iliyo nyuma yake.

Blue Corner na matumizi ya ndoano

Hii ndiyo pembe iliyoifanya Palau ijulikane duniani, na ndiyo sababu nimeiweka baada ya mizamo mingine. Ni ulimi wa mwamba unaochomoza baharini kutoka ukuta wa Ngemelis, wenye uwanda wa juu kwenye kina cha mita 15 hivi na kuta zinazotumbukia gizani pande zote mbili. Mkondo hugonga ukuta, hupanda, na kumwagika juu ya uwanda, na kwenye ukingo huo papa wa kijivu husimama wakiukabili mkondo kwa kutikisa mkia kidogo tu, huku mizia na kolekole wakizunguka kwa makundi nje kidogo. Samaki wakubwa wa napoleoni nao hukaribia wazamiaji bila woga.

Kiongozi huchagua upande wa kushukia kwa kuangalia mkondo unatoka wapi, na mara nyingi hutumbukia peke yake kwanza kuupima. Mzamo unaanzia ukutani, mkisukumwa kuelekea kwenye pembe, kisha mnapanda ukingoni na kujifunga. Hapo ndipo ndoano inapohitajika, na kwa kuwa kutumia ndoano vibaya ndicho chanzo cha taabu nyingi mahali hapa, nitaeleza kwa utaratibu.

Ndoano ni chuma kisicho na ncha kali kilichofungwa kwenye kamba ya mita 2 hivi, na upande wa pili wa kamba una klipu inayofunguka kwa mkono mmoja. Klipu hiyo ifungwe kwenye pete ya mbele ya jaketi, katikati ya mwili, kabla hujaingia majini. Kamba yote ibaki imekunjwa mfukoni ili isinase matumbawe njiani. Ukikaribia ukingo, teremka hadi nusu mita juu ya mwamba, ukiwa na ndoano mkononi. Tafuta jiwe lililokufa, lenye ufa au tundu, lisilo na tumbawe hai wala mnyama ndani yake, na utumie sekunde zako kutazama, kwa sababu ukuaji wa miaka mingi unaweza kuvunjwa na chuma kimoja. Ingiza ndoano, ivute mara moja kuhakikisha imekamata, kisha iachie kamba taratibu mpaka ikaze. Sasa tia hewa kidogo sana ndani ya jaketi. Mkondo utakuinua, nawe utaelea kama tiara iliyofungwa kwenye uzi, mikono ikiwa mitupu na mapezi yakiwa yametulia. Usipotia hewa hiyo kidogo, mkondo utakulaza juu ya matumbawe. Ukitia nyingi, ndoano ikichomoka utapaa kuelekea juu bila hiari yako.

Geuza kichwa kwa uangalifu, kwa sababu mkondo mkali huweza kuondoa barakoa na kubonyeza kitufe cha regulata ya akiba mpaka ikamwaga hewa. Tazama kipimo cha mtungi kila dakika chache. Kuning'inia hapo hakuchoshi miguu, lakini msisimko humaliza hewa. Kiongozi akiashiria kuondoka, kwanza toa hewa yote uliyotia ndani ya jaketi, ndipo ujivute kwa kamba hadi kwenye jiwe, uchomoe ndoano na uikunje. Mfuatano huo usigeuzwe. Kisha kundi zima hujiachia pamoja, likavuka uwanda na kupanda kwa mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika, na boya likarushwa mapema ili nahodha awaone mkiwa bado mita 5.

Karibu na hapo kuna Blue Holes, mashimo manne juu ya mwamba yanayoshuka ndani ya ukumbi mkubwa wenye mwanga wa samawati, na mlango wa kutokea ukutani kwenye kina cha mita 25 na zaidi. Ni mzamo mzuri wa kuunganisha na Blue Corner mkondo ukiruhusu. Ndani kabisa ya ukumbi kuna upenyo wa kuingia pango la pili lenye giza na mifupa ya kasa waliopotea humo. Usiingie, hata kwa dakika moja, kama hukufunzwa uzamiaji wa mapangoni. Kasa aliyezaliwa baharini alishindwa kupata njia ya kutoka.

Peleliu, kwa wachache

Ncha ya kusini ya Peleliu hukutanisha mikondo ya pande mbili za nchi. Uzuri wake ni mkubwa na hatari yake ni ya kweli: mwaka 1994 kundi la wazamiaji lilichukuliwa na mkondo hapa na halikuokolewa likiwa hai. Nenda tu ukiwa umekwisha kuzoea ndoano, katika siku ambayo kiongozi mwenyewe ameichagua, na kamwe usimshinikize nahodha aliyesema leo hapana. Ukiwa huko, pata pia nusu siku ya nchi kavu, kwa sababu vita vya Septemba hadi Novemba 1944 vimeacha vifaru na mapango ambayo yanaeleza mengi kuhusu kile utakachokiona kwenye meli zilizozama.

Meli, pango na ziwa

Tarehe 30 na 31 Machi 1944 ndege za Marekani zilizishambulia meli za Japani zilizokuwa Palau, na nyingi ya hizo bado ziko bandarini na katika maji ya karibu. Faida ya meli hizi kwa mpangaji ni kwamba ziko ndani ya maji yaliyokingwa: siku ambayo mwamba wa nje unachafuka, hapa bado panazamika, ingawa maji huwa na ukungu zaidi. Iro, meli ya mafuta yenye urefu wa mita 143, imekaa wima, sakafu yake ya juu ikiwa karibu mita 25. Meli iliyopatikana mwaka 1989 ambayo jina lake halijathibitishwa, na ambayo wazamiaji huiita Helmet Wreck kwa ajili ya kofia za chuma zilizoshikamana ndani yake, imelala kwenye mteremko kati ya mita 15 na 30. Ina mabomu ya kuulia nyambizi ambayo hayakulipuka. Usiguse chochote, na usichukue chochote. Sheria inakataza, na pia hayo ni makaburi. Kwa mzamo mwepesi, ndege ya kijeshi ya Kijapani aina ya Jake imekaa karibu nzima kwenye mita 15.

Chandelier Cave iko dakika chache tu kutoka Koror. Ina vyumba vinavyofuatana vyenye hewa juu, na unaweza kuibuka ndani ukatazama mawe yanayoning'inia kutoka darini. Kina ni kidogo, lakini ni pango: tochi mbili kwa kila mtu, kiongozi mbele, na mlango wa kutokea usipotee machoni.

Ziwa la konyeza, katika kisiwa cha Eil Malk, haliruhusiwi kuzamiwa kwa mitungi. Kuanzia mita 15 hivi kwenda chini maji yake hayana oksijeni na yana gesi ya salfidi ya hidrojeni, ambayo hupenya hata ngozini. Huko huogelewa juu kwa barakoa tu. Konyeza wa rangi ya dhahabu huvuka ziwa kila siku wakilifuata jua, na sumu yao ni hafifu kiasi kwamba watu wengi hawaihisi. Mwaka 2016, wakati wa ukame mkali, karibu wote walitoweka, kisha wakarejea baada ya miaka michache. Suuza vifaa vyako kabla ya kuingia, usipake kitu mwilini, na piga mapezi polepole ili usiwakate. Panga ziara hii iwe siku ya jua, karibu na adhuhuri.

Mambo yakienda kombo

Kwenye kuta unaweza kukutana na mkondo unaovuta kwenda chini. Dalili ya kwanza ni mapovu yako kutopanda na masikio kubana ghafla. Shika mwamba uliokufa kama uko karibu, na upande kwa mikono hatua kwa hatua. Ukiwa umeshachukuliwa, ogelea mlalo kuelekea bahari wazi, mbali na ukuta, ukitia hewa kidogo kidogo, na macho yasitoke kwenye kompyuta. Mkondo ukikuachia, toa hewa hiyo upesi. Ukitengana na kundi, tafuta kwa dakika moja, kisha panda, kaa mita 5 kama hewa inatosha, rusha boya, na ukishaibuka usijichoshe kuogelea dhidi ya mkondo. Jaza jaketi, simamisha boya, piga filimbi, baki na mwenzako.

Ganzi, maumivu ya viungo, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida baada ya mzamo usiuvumilie hadi kesho. Mwambie kiongozi hapo hapo, upewe oksijeni, upelekwe Hospitali ya Taifa ya Belau, Koror, ambayo ina chumba cha shinikizo cha kutibu wazamiaji. Bima inayotaja uzamiaji waziwazi inunuliwe kabla ya kuondoka nyumbani, kwa sababu matibabu hayo ni ghali na bima nyingi za kawaida za safari haziyalipii.

Siku ya mwisho isiwe ya kuzamia. Baada ya siku kadhaa za mizamo inayorudiwa, ngoja angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na ni bora zaidi zikifika 24. Ndege nyingi za Koror huondoka usiku wa manane au alfajiri, kwa hiyo hesabu saa hizo kwa kurudi nyuma kutoka kwenye tiketi, uweke ziara ya ziwa au ya nchi kavu ya Babeldaob katika siku hiyo, na vifaa uvisuuze kwa maji baridi mapema ili viwe vimekauka kabla ya kupimwa uzito uwanjani.